Utambi wa Urefu wa Ukucha

Shemeji yangu aliingia uani na fimbo ya mishumaa begani. Akaiegemeza ukutani, ikateleza, akaiegemeza tena. Hodi hakupiga.

“Leo hodi umeiacha nyumbani?” nikamuuliza.

“Nimeipiga njiani. Wewe ndiye hukusikia.”

“Haya, karibu. Kaa, chai ipo.”

Hakukaa. Alisimama ameielekea ile fimbo kama mtu aliyeleta mgonjwa. “Imeharibika tena, shemeji. Inadondosha nta. Jumapili iliyopita imedondosha juu ya kitambaa kipya cha altare, kile cha nakshi, na pametoboka tundu.”

“Juzi tu nimeisafisha.”

“Basi juzi hukuisafisha vizuri.”

“Kama hujaridhika, nirudishie chai yangu uliyokunywa siku ile.”

Alicheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema. Huyu ni mume wa marehemu dada yangu, na tangu aingie katika familia yetu hatujawahi kuzungumza maneno matatu bila utani. Utani ukikauka mdomoni mwake, huwa naacha ninachofanya. Niliweka chini sinia ya mchele niliyokuwa nachambua.

“Kuna nini?”

“Mama Pasi amesema Jumapili hii ndiyo ya mwisho. Nta ikidondoka tena, kina mama watanunua kile kiberiti cha gesi chenye shingo ndefu. Yeyote anaweza kukitumia. Halafu mimi,” akatafuta neno, “mimi nipumzike.”

“Amesema hivyo?”

“Amesema kwa upole, na huo upole ndio unaoniuma. Nipumzike! Nani amemwambia nimechoka? Mishumaa ile nimeiwasha tangu wewe hujapata mtoto wa kwanza. Dada yako alipoondoka, watu walikuja, wakakaa, wakarudi makwao. Jumapili yake nilikwenda kuwasha mishumaa. Sikuwa na pengine pa kwenda.”

Nilimmiminia chai. Aliifuata mezani kwa upande wa kiganja, akiuburuza mkono polepole mpaka ukagusa kikombe, ndipo akakishika. Niliona.

“Iache fimbo hapa,” nikamwambia. “Kesho jioni njoo kanisani, nitakuwa nayo.”

“Itapona?”

“Nikuponyeshe wewe kwanza, hata chai hujanywa.”

Nieleze hiyo fimbo ilivyo, maana wengi huiona kwa mbali tu wakiwa wamekaa kwenye benchi. Ni mti mrefu kupita kimo cha mtu, na juu yake kuna kichwa cha shaba chenye pande mbili. Upande mmoja ni mrija mwembamba, na ndani yake hupita utambi wa pamba uliozamishwa kwenye nta. Huo ndio unaobeba moto. Upande wa pili ni kikombe kidogo kilichofudikizwa, mfano wa kengele isiyo na ulimi. Hicho ni cha kuzimia. Mrija umepasuliwa ubavuni, na katika ule mpasuko hutembea kifungo. Ukikisukuma juu, utambi unatoka. Ukikivuta, unarudi ndani.

Dada yangu ndiye aliyekuwa akiitunza. Alipofariki, kazi ilikuja kwangu pamoja na birika lake na cherehani yake, na wala hapakuwa na kikao. Siku moja shemeji alileta fimbo, nikabandika maji ya moto, basi.

Utambi huwa nautengeneza mwenyewe. Nasokota nyuzi za pamba, nayeyusha masalia ya mishumaa kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, nazamisha, kisha naupitisha kati ya vidole ungali na joto ili uwe mwembamba na sawa. Halafu nauning’iniza kwenye kamba ya nguo, mahali penye kivuli, kwa vibanio. Wajukuu wangu husema Bibi ameanika tambi. Waache waseme.

Nilikitumbukiza kichwa cha fimbo kwenye maji ya moto nikasubiri. Mtu mwenye haraka huchukua kisu akakwangua, na hapo ndipo anapoharibu, kwa sababu shaba ikichubuka nta hushika kwenye mchubuko na haitoki tena. Ukisubiri, nta hulainika na kuelea yenyewe. Nilivuta utambi, nikapitisha kitambaa kwa waya, nikauelekeza mrija kwenye mwanga nikatazama ndani.

Ulikuwa safi. Kifungo kilitembea vizuri, skrubu zimekaza, mti haukupinda. Nilitafuta ubovu, sikuuona.

Nilichokiona kilikuwa kingine. Ukingo wa kile kikombe cha kuzimia, upande unaotazamana na mrija, ulikuwa mweusi kwa masizi. Na utambi niliouweka juzi, ambao zamani ungefika mwezi, ulikuwa umebaki kipande cha urefu wa kidole.

Dada yangu alinifundisha kwamba utambi usitoke kwenye mrija kuzidi ukucha wa kidole kidogo. Hapo mwali unasimama mdogo na mtulivu. Ukiuzidisha, mwali unarefuka, unalala upande, unaramba kikombe na kukitia masizi, na nta inayoyeyuka haipati nafasi ya kuungua, inadondoka. Shemeji anaijua sheria hiyo kuliko mimi. Alikuwa akiishika miaka yote. Sasa kwa nini mtu anayeijua aurefushe utambi?

Nikakumbuka ule mkono uliokuwa ukitafuta kikombe cha chai. Niliketi pale uani mpaka maji yakapoa.

Asubuhi nilipita kanisani kabla ya kwenda kwa fundi baiskeli, maana nilikuwa nimepata wazo juu ya kile kifungo. Nilikuta mlango wa sakristia, kile chumba cha nyuma wanamotunza vyombo na mavazi, uko wazi. Ndani, Mama Pasi alikuwa ameinama mezani anapiga pasi. Jina hilo alipewa kwa sababu yeye ndiye hunyoosha vitambaa vya altare, na wengine husema ni kwa sababu neno lake likipita halibakishi kunjo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwogopa kidogo.

Alikuwa ameweka karatasi ya kaki juu ya kitambaa na anapitisha pasi ya uvuguvugu juu yake. Karatasi ilikuwa ikinyonya nta, inapata madoa ya mafuta.

“Shikamoo, dada,” alisema bila kuinua kichwa.

“Marahaba. Hiyo ni nta ya Jumapili iliyopita?”

“Cha Jumapili iliyopita ni kile pale, chenye tundu, nimekitia kiraka. Hiki ni cha wiki ile nyingine.”

Nikaona chini ya meza kikapu kimejaa karatasi za kaki zilizotumika. Zilikuwa nyingi mno. Zilikuwa za miezi.

“Kumbe hii si mara ya pili wala ya tatu.”

Aliisimamisha pasi. “Dada, mimi nimekuwa nikisafisha tangu msimu wa mvua uliopita. Misa ikiisha, nabadilisha kitambaa kabla watu hawajasogea mbele. Nilisema, ni nta tu. Nta inatoka.”

“Sasa mbona umemwambia apumzike?”

“Kwa sababu ya mkono wake.” Alinionyesha ukingo wa mkono wake mwenyewe, pale kitambaa cha gauni kinapoishia. “Ile Jumapili ya tundu, tone la moto liliangukia mkono wa kanzu yake. Lilitoa moshi, naye hakuliona. Niliinuka nikalizima kwa kiganja, nikajifanya namtengenezea kanzu. Sikulala vizuri siku hiyo. Mimi siogopi kitambaa, naogopa ataungua.”

Nilimtazama kiganja. Kulikuwa na alama ndogo ya rangi ya waridi, imeanza kupona.

“Anaona vibaya,” alisema polepole. “Wewe unajua?”

“Nimejua jana.”

“Mimi siwezi kumwambia. Mimi ni nani kwake? Nikimwambia macho, atasema namfukuza. Ndiyo maana nikasema fimbo. Nikasema kiberiti cha gesi. Wewe ni shemeji yake, ninyi mnataniana.”

Nilitoka pale nimejifunza jambo kuhusu Mama Pasi, na nimejibebesha mzigo. Kumwambia mtu mzima kwamba macho yake yanamwacha si kazi ya utani. Nilitaka kwanza nipate cha kumpa, ndipo nimnyang’anye.

Fundi baiskeli ana kibanda chake kwenye kona, karibu na duka la mkaa. Aliniona nakuja na fimbo akaanza mapema.

“Bibi, leo unakwenda vitani?”

“Nakuja kwako, kwa hiyo ndiyo.”

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Nataka uniwekee kituo hapa.” Nikamwonyesha ule mpasuko wa mrija. “Mtu akisukuma kifungo, kigote mahali, ajue kwa kidole kwamba utambi umetoka wa kutosha. Asihitaji kuutazama.”

Alikisukuma kifungo juu na chini, akakisikiliza. Huyu kijana husikiliza vitu kabla ya kuvishika, na mimi hupenda mtu wa namna hiyo.

“Kituo kimoja hakitakusaidia, Bibi.”

“Kwa nini?”

“Utambi si unaungua? Leo kituo kitakuwa sawa, kesho utambi umepungua, kituo kiko palepale. Atasukuma, hakitoki kitu.”

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nikabaki nimeshika fimbo kama mwenda vitani aliyesahau vita iko wapi.

Akachukua gurudumu la nyuma la baiskeli, akalizungusha kinyume. Likalia, tik tik tik tik. “Umesikia? Hapo ndani kuna meno. Tukiupa huu mpasuko meno madogo madogo, kila jino na nafasi yake, atakuwa anapanda jino moja kila anapohitaji. Kidole kitahisi, na sikio litasikia.”

“Nafasi kati ya jino na jino iwe hivi,” nikamwambia, nikamwonyesha ukucha wa kidole changu kidogo.

Aliupima ukucha wangu kwa kipande cha waya, kwa heshima zote, kama anayenipima pete. Kisha akachukua tupa nyembamba kuliko zote alizonazo, akaketi, akaanza. Walikuja watu wawili wenye pancha, akawaambia wasubiri. Alikwangua kidogo, akapuliza, akajaribu kwa kidole gumba, akarudia. Chini ya kile kifungo aliweka kipande cha chuma chembamba kinachonepa, ili kiingie kwenye jino na kutoka. Alipomaliza aliifuta shaba yote kwa leso iliyokuwa safi mfukoni mwake, mpaka kile kikombe nilichokwisha kukifuta mimi.

“Ni ya nani?” aliuliza.

“Ya kanisa.”

“Najua ya kanisa. Anayeona kwa kidole ni nani?”

Nikamtazama. “Ni mtu wangu.”

Alinibebea fimbo mpaka ng’ambo ya barabara, akarudi kwa watu wake wa pancha.

Jioni ile shemeji alifika kanisani kabla yangu. Nilimkuta amekaa benchi la mbele, mikono magotini. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la upande na kuangukia altare yote, na ile mishumaa mirefu ilikuwa imesimama katikati ya mwanga kiasi kwamba hata mimi nilifinya macho.

“Imepona?”

“Shemeji, fimbo haikuwa mbovu.”

Mahali fulani nje mtu alikuwa anafagia.

“Unaniambia nini?”

“Nakwambia fimbo ni nzima. Nimeitazama ndani na nje. Masizi yalikuwa upande mmoja wa kikombe, na utambi umekwisha kabla ya wakati wake. Umekuwa ukiurefusha.”

Alipitisha kiganja usoni, toka paji la uso mpaka kidevu. “Mimi ningependa iwe fimbo,” alisema.

“Najua.”

“Jicho la kushoto ni kama mtu amenipitishia pazia. La kulia bado lina ubishi kidogo. Mwali mdogo siuoni, hasa jua likiwa dirishani. Nikiurefusha ndipo nauona.” Akaongeza, “Dada yako angejua siku ya kwanza.”

“Angejua, na angekugombeza mbele ya kwaya nzima.”

“Kwaya wangeacha kuimba wamsikilize.”

Tulicheka, na safari hii kicheko kilifika mwisho wake. Nilipoona hivyo nikampa fimbo, nikachukua kidole chake gumba nikakiweka juu ya kifungo.

“Sukuma. Polepole.”

Tik.

Uso wake ukabadilika. Akasukuma tena. Tik. Akarudisha moja nyuma. Tik.

“Hiki nini?”

“Meno. Jino moja ni ukucha mmoja. Washa utambi kwa jino moja, uwashe mishumaa ya upande huu. Ukifika upande ule ongeza jino moja. Mwali huhitaji kuuona, uachie kazi yake.”

“Na mshumaa wenyewe nitaupataje?”

“Mishumaa hii ina kofia za shaba juu. Gusa kofia kwa mrija, utasikia. Ukishasikia, inamisha kidogo. Utambi wa mshumaa uko hapohapo, hauendi popote.”

Tulijaribu bila moto kwanza. Shaba ikigonga shaba hutoa sauti ndogo ya kupendeza, na baada ya majaribio machache alikuwa anaipata kila mara. Halafu tulijaribu kwa moto. Nilisimama karibu yake na ndoo ya maji niliyoificha nyuma ya gauni, ingawa alijua.

“Weka chini hiyo ndoo, shemeji. Unaninyima imani.”

“Imani yako ninayo, ndoo ni ya kanzu.”

Hapo ndipo nilipomwambia alama ya kiganja cha Mama Pasi imetoka wapi, na karatasi za kaki. Aliiegemea fimbo.

“Yote hayo, na mimi nimekuwa nikimnunia,” alisema.

“Kuna jambo moja. Meno nakupa, lakini Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa macho. Ukikataa, naondoka na fimbo yangu.”

“Fimbo ni ya kanisa.”

“Basi naondoka na meno.”

“Uondoke na meno, wewe ambaye umebaki na manne?” Akauzima utambi kwa vidole vilivyoloweshwa mate, akauacha umechungulia kidogo nje ya mrija ili usigande ndani, kama dada alivyomfundisha. “Haya. Jumatatu.”

Jumapili nilikaa benchi la tatu, na sijui padre alisalimia vipi. Shemeji alitoka sakristia na kanzu yake nyeupe, fimbo imesimama wima, mwendo wake uleule ambao watoto huuiga nyuma ya kanisa. Mwali ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi. Nikasikia shaba ikigusa shaba. Mshumaa wa kwanza ukashika, wa pili ukashika, na wa tatu. Alipovuka kwenda upande wa pili, palepale jua lilipokuwa limeangukia, alisimama. Nilijua haoni kitu. Mkono wake ukapanda kwenye kifungo, na katika ukimya ule nikasikia, tik.

Yote ikawaka.

Misa ilipokwisha, Mama Pasi alikwenda altareni kabla ya mtu yeyote. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa, toka pembe hii mpaka ile, kisha akarudia. Hapakuwa na tone. Alikaa pale mkono wake bado uko juu ya kitambaa, na nadhani alikuwa anajifuta jicho, lakini alikuwa amenipa mgongo.

Shemeji alimwendea. Nilisogea nisikie, sitasema uongo.

“Mama,” alimwambia, “kitambaa kiko salama?”

“Kiko salama, baba. Kiberiti cha gesi hatununui.”

“Asante. Sasa nisikie mimi. Macho yangu hayaoni. Kesho nakwenda kutazamwa. Na mkono wako nimeambiwa.” Akainama kidogo, kama anavyoinama mbele ya altare. “Pole sana, na asante.”

Mama Pasi, ambaye neno lake halibakishi kunjo, alimtengenezea kola ya kanzu, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba huondolewa kwa upasuaji. Alianza na lile la kushoto. Akamwamuru asiinamie kitu, asiguse moto wala moshi mpaka jicho lipone, na baadaye wangeangalia la kulia. Nilidhani shemeji atabisha. Alichouliza ni kimoja tu.

“Nani atawasha?”

“Kina mama watapanga,” nikamwambia.

“Hawatapanga. Utawasha wewe.”

“Mimi? Sijawahi kuibeba altareni hata siku moja.”

“Umeisafisha miaka yote hiyo. Fimbo inakujua kuliko inavyonijua mimi.”

Ni kweli kwamba sikuwahi. Ilikuwa ikija nyumbani kwangu imechafuka na kuondoka imesafishwa, kama mtoto wa shule. Nilikuwa najua kila mchubuko wake, lakini kuinua na kutembea nayo mbele za watu sikukujua.

Jumapili iliyofuata Mama Pasi alinivika kanzu sakristiani, akanikunja mikono ya kanzu mara mbili isishike moto, akabana kwa pini. “Nenda, dada,” aliniambia. “Kitambaa ni cha kawaida, cha nakshi nimekitoa. Hata ukidondosha.”

Nikatoka. Benchi la mbele alikaa shemeji, jicho limefunikwa kwa bandeji nyeupe, uso ameuinua kidogo pembeni kama mtu anayesikiliza redio. Mti ulikuwa mzito juu kuliko nilivyodhani. Niligusa kofia ya kwanza, nikainamisha, nikangoja. Ikashika. Nikawasha ya pili na ya tatu, nikavuka. Sasa ni wakati wa jino. Kwa woga kidole changu kikasukuma kwa nguvu.

Tik tik.

Kutoka benchi la mbele kikatoka kikohozi. Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa.

Nikarudisha moja nyuma. Tik. Mwali ukashuka, ukatulia, ukawa wa urefu wa ukucha. Niliwasha mishumaa iliyobaki, na kitambaa nikakiacha safi.

Baada ya misa alinisubiri mlangoni.

“Jino moja, shemeji. Moja.”

“Nilitetemeka.”

“Nilisikia.” Akanyoosha mkono, akaitafuta fimbo, akapitisha kidole gumba juu ya kifungo, juu na chini, bila kukisukuma. “Nitunzie. Narudi.”

“Nakutunzia,” nikamwambia. “Twende ukanywe chai.”